Sura Zetu Katika Nukta: Niliyojifunza Nikigeuza Picha kwa Programu

Tangu kazi zangu zianze kuonekana katika nyumba mbili tatu za Mji wa Kale wa Mombasa, vijana hunijia kuniuliza namna ya kutengeneza zile picha za nukta na mistari ambazo kompyuta huzichora kutokana na picha ya kamera. Wengi huamini kwamba ni kubonyeza tu na kungoja. Kubonyeza kupo, lakini kabla shangazi yangu hajakubali kuitundika hata moja sebuleni kwake, pesa nyingi zilikwenda kwa karatasi na wino, na usiku mwingi nililala nikiwa na kichwa kizito. Nayaandika haya kwa anayetaka kuanza, hasa anayekusudia kuchora nyuso za watu wa kwetu, kwa sababu ni hapo hasa ambapo miongozo niliyoisoma ilikuwa kimya.

Mimi ni mpiga picha wa harusi. Mwezi wa Ramadhani hatuna kazi, na ndio mwezi nilioanza. Baada ya tarawehe nilikaa na kompyuta mpaka saa ya daku. Programu niliyoanza nayo ni Processing, iliyoanzishwa mwaka 2001 na Casey Reas na Ben Fry walipokuwa chuo cha MIT, Marekani. Waliwafikiria wasanii, si wahandisi, na wakaitoa bure. Ina ndugu yake, p5.js, iliyoanzishwa na Lauren McCarthy, ambayo hufanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinisha kitu. Kama una kompyuta ya mtumba, anza nayo hiyo hiyo. Yangu ilikuwa ikichemka mpaka naiwekea feni, na picha moja kubwa ilichukua usiku mzima, lakini ilimaliza. La muhimu ni kuiandikia programu ihifadhi kazi kila baada ya muda fulani, maana stima ikikatika saa nane za usiku, kazi yote ya tangu jioni hupotea.

Sasa nieleze inavyofanya, kwa kuwa ukilielewa hili mengine yote yatakunyookea. Kwa kompyuta, picha ni vijiraba vingi vya rangi, yaani pikseli, na picha ikishageuzwa kuwa ya kijivu kila kimoja kina namba moja. Sifuri ni giza totoro, 255 ni weupe kamili. Programu husoma namba hizo na kuamua mahali pa kuweka alama: penye giza alama nyingi, penye mwanga chache. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wetu. Mwaka 1966 Kenneth Knowlton na Leon Harmon, waliokuwa maabara za utafiti za Bell, Marekani, waliikatakata picha vipande vidogo na kila kipande wakakibadilisha kwa alama ndogo kulingana na mwanga wake. Ukiisogelea unaona alama, ukirudi nyuma unaona mtu.

Njia niliyoipenda mimi ni ile iliyoelezwa na mtafiti Adrian Secord mwaka 2002. Nukta humwagwa kwanza kwa kubahatisha. Kisha kila nukta hupewa eneo lake, yaani sehemu yote iliyo karibu nayo kuliko nukta nyingine, na husogezwa hadi kwenye kitovu cha uzito wa eneo hilo, giza likihesabiwa kuwa ndio uzito. Maeneo yakipimwa upya, nukta husogea tena. Ukitazama kwenye kioo ni kama watu wakitandika mikeka uwanjani asubuhi ya Idi, kila mmoja akijivuta kidogo mpaka wote wapate nafasi. Mwishowe hakuna nukta iliyopanda juu ya mwenzake, na picha imejitokeza yenyewe.

Nilianza na majengo. Milango ya nakshi ya Ndia Kuu, roshani za mbao, kuta za Ngome ya Yesu ambazo Wareno walizijenga kati ya 1593 na 1596. Zilitoka vizuri mno, na sababu nimekuja kuielewa baadaye. Mawe ya matumbawe yana vijishimo, nakshi ina kina, na jua la alasiri likipiga ubavuni kila kijishimo hutupa kivuli chake. Programu inapewa mwanga na giza vilivyokwisha kutengana, inabaki kuvipanga tu. Ukitaka kujifunza bila kukata tamaa, anza hapo: nenda saa kumi, jua linapolala, upige ukuta au mlango. Picha ya saa sita za mchana iache. Jua la kwetu mchana huangaza kila kitu sawasawa na vivuli hujificha chini ya vitu.

Ndipo shangazi aliponiletea picha ya nyanya, mama yake mzazi. Ni picha ya rangi, ya miaka ya themanini. Nyanya amekaa barazani, amejitanda leso ya kisutu, na nyuma yake ni ukuta uliopakwa chokaa. Aliniambia, "Mwanangu, nifanyie ile ya vitone, niiweke sebuleni." Niliiskani kwa uangalifu, nikaiingiza katika programu ile ile iliyonipa milango mizuri, nikachapa kwenye karatasi nzito ya pamba iliyoagizwa kutoka Nairobi, nikampelekea.

Aliitazama kwa muda mrefu. "Huyu si mamangu," akasema. "Mamangu alikuwa na macho. Hapa pana moshi tu."

Nilirudi nyumbani na ile karatasi nikiwa nimeumia, kwa sababu alisema kweli. Ukuta wa chokaa ulitoka mtupu na safi, na nyanya akatoka kama doa jeusi lililoketi mbele yake. Uso ulikuwa umejaa nukta zilizobanana hata macho na pua havitofautiani na mashavu. Kisutu, ambacho kila mtu anakijua kwa nyekundu, nyeusi na nyeupe yake, kilikuwa kimegeuka gunia moja la giza.

Nilitumia muda mrefu nikidhani kasoro iko katika idadi ya nukta. Nikaongeza, nikapunguza, nikazifanya ndogo. Haikusaidia. Jibu lilikuwa nyuma zaidi, katika hatua ambayo hakuna anayeitazama: pale programu inapoigeuza picha ya rangi kuwa ya kijivu. Kanuni ambayo programu nyingi huitumia huchukua sehemu 0.299 ya nyekundu, 0.587 ya kijani na 0.114 ya buluu, ikazijumlisha. Hesabu hiyo inafuata jicho la binadamu, ambalo huiona kijani kuwa angavu kuliko nyekundu na buluu. Haina ubaya kwa jumla. Lakini chukua nyekundu kali ya kisutu, yenye 255 ya nyekundu na sifuri kwingine, uipitishe humo: utapata karibu 76. Hiyo ni giza. Ndiyo maana nyekundu na nyeusi za leso ziliungana. Na ngozi ya kahawia, ambayo mwanga wake mwingi umo kwenye nyekundu, nayo ilishushwa hivyo hivyo.

Basi niliacha kuiachia programu igeuze yenyewe. Nilizitenganisha chaneli tatu, yaani namba za nyekundu, za kijani na za buluu, kila moja nikaitazama peke yake kama picha ya kijivu. Fanya hivi kabla ya kitu kingine chochote, ni kazi ya dakika chache katika programu yoyote ya kuhariri picha, hata za bure. Katika chaneli nyekundu uso wa nyanya uling'aa; paji la uso, mifupa ya mashavu, mgongo wa pua, vyote vilionekana. Ila mikunjo ilikuwa imelainika mno, akawa kama mwanamke wa miaka thelathini. Chaneli ya kijani ndiyo iliyokuwa imetunza mikunjo. Ya buluu ilikuwa chafu, imejaa chengachenga, na kwa picha za zamani zilizoanza kubadilika rangi huwa hivyo mara nyingi. Nilichanganya nyekundu kwa wingi na kijani kidogo, buluu nikaiacha kabisa.

Uso ukapona, lakini leso ikaharibika kwa namna nyingine, kwa kuwa katika chaneli nyekundu, nyekundu na nyeupe huwa sawa, na maua ya kisutu yakayeyuka. Hakuna mchanganyiko mmoja unaofaa kila sehemu ya picha. Ilinibidi niigawe kwa mkono: uso na mikono na mchanganyiko wake, leso na wake, ukuta na wake. Mtu akikuambia kwamba kuna mpangilio mmoja unaomaliza kila kitu, basi huyo hajawahi kumchora mtu aliyevaa leso.

Hilo la ukuta kutoka safi na nyanya kutoka kama doa lilinifundisha jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote. Programu hizi huchukulia kwamba karatasi ni nyeupe na wino ni mweusi, kwa hiyo kazi ya wino ni kuchora giza. Kwa uso mweupe, wino huchora kivuli cha jicho na cha pua, na sura hutokea. Kwa uso mweusi, wino hujaza kila mahali, na kinachoifanya sura iwe sura, yaani mng'ao, kinaachiwa nafasi ndogo iliyobaki. Sikuona mwongozo hata mmoja uliolitaja hili. Geuza: chukua karatasi nyeusi au ya buluu iliyokoza, nukta ziwe nyeupe, na uiambie programu iweke nukta penye mwanga. Nilipofanya hivyo, kila nukta ilianguka mahali jua lilipomgusa nyanya siku ile. Nilikuwa peke yangu, watu wamelala, na nilishindwa kujizuia kulia. Nilimjua nikiwa mdogo. Sikutarajia kumuona tena.

Kuna tatizo la kuchapa, na hapa pesa huteketea. Printa za kawaida hazina wino mweupe. Baadhi ya maduka yatakuambia wachape giza lote kwenye karatasi nyeupe na kuziacha nukta zikiwa karatasi tupu. Usikubali. Wino mwingi namna ile hulowesha karatasi, na kwa unyevu wa pwani hujikunja, kisha wino hutapakaa na kuzimeza nukta ndogo. Suluhisho langu nililipata kwa mafundi wanaochapa fulana kwa skrini, yaani wavu wa matundu madogo ambao wino husukumwa kupitia humo. Wao wino mweupe wanao siku zote, na ni mzito, unakaa juu ya karatasi. Fundi aliniuliza kwa mshangao kama kweli nataka achape kwenye karatasi, kisha akafanya kwa umakini mkubwa. Sharti lake lilikuwa moja, na ulizingatie: nukta zisiwe ndogo kuliko karibu nusu milimita, la sivyo zinaziba kwenye matundu ya skrini. Ikabidi nirudi kwenye programu nipunguze idadi ya nukta. Picha ikawa bora zaidi kwa uchache huo.

Usimtumie fundi picha kwa WhatsApp kama picha. Huminywa, na nukta zinatoka na ukungu pembeni. Itume kama hati, na iwe ya vekta, SVG au PDF, ambapo kila nukta ni duara lenye vipimo vyake na unaweza kuikuza hata iwe saizi ya mlango. Chapa kwanza kipande kidogo tu, jicho moja kwa mfano, kwenye karatasi ile ile. Kipande kimoja kitakuokolea gharama ya karatasi nzima.

Nilipompelekea shangazi ile nyeupe juu ya nyeusi, alitabasamu papo hapo. Kisha akaisogelea. "Ni yeye. Lakini kipini chake umekipeleka wapi?"

Kipini cha nyanya kilikuwa kwenye picha ya asili, kijidoa cha dhahabu puani, pikseli chache. Kwa programu, pikseli chache hazina uzito wa kuvuta hata nukta moja. Lakini kwa bintiye, kipini kile ndicho mama. Tangu hapo, kabla ya kuanza kazi yoyote huwa nawauliza wenyewe: mnamkumbuka kwa kitu gani? Mmoja atataja kovu la nyusi, mwingine hina, mwingine namna baba alivyokaza midomo. Natengeneza picha ya pili ya kijivu, natia weupe kwa mkono pale walipotaja, na kuiambia programu ipaongezee uzito mahali hapo. Ni kazi ya saa moja na hakuna programu inayoweza kukufanyia, kwa sababu taarifa hiyo haimo ndani ya picha. Imo kwa watu.

Nilijaribu pia zile programu zinazotumia mitandao ya neva, yaani akili bandia iliyofunzwa kwa kuonyeshwa picha nyingi. Mwaka 2015 Leon Gatys, Alexander Ecker na Matthias Bethge wa Tübingen, Ujerumani, walionyesha namna ya kuchukua mtindo wa mchoro mmoja na kuuvisha picha nyingine. Ni kazi ya akili kubwa, na kwa bahari ya pale ufukweni Mama Ngina au kwa jahazi la bandari ya kale naipenda. Kwa uso wa mtu anayependwa, siipendekezi. Inavuta rangi na mikwaruzo ya mchoraji wa mbali na kuipaka kwenye ngozi ya mtu wako, na ngozi inabadilika rangi bila wewe kuamua. Mwaka huo huo wa 2015 Google walitoa DeepDream, kazi ya Alexander Mordvintsev, ambayo huikuza kila alama ambayo mtandao unadhani umeiona. Mtandao wenyewe ulikuwa umefunzwa kwa picha za ImageNet, hazina kubwa ya picha zilizopangwa kwa makundi, na kati ya makundi elfu moja ya vitu katika mafunzo hayo, zaidi ya mia moja ni aina za mbwa. Basi huona mbwa kila mahali. Niliipa picha ya nyanya na ikamwotesha macho ya mbwa kwenye leso. Nilifuta faili lile kabla mtu yeyote wa nyumbani hajaliona. Ijue programu yako imefunzwa kwa nini kabla hujaikabidhi sura ya marehemu wa watu.

Nyingi ya programu hizo za mtandao wa neva hutaka upakie picha, nayo huenda kwenye kompyuta za kampuni usizozijua. Kwa picha za familia, na hasa za kina mama, hili si jambo dogo kwetu. Nafanya kazi kwa programu zinazokaa ndani ya kompyuta yangu. Na watu ninaowapiga mwenyewe barazani naomba ruhusa mara mbili, moja ya kupiga na moja ya kugeuza na kuuza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na sura ya mtu ni data yake, lakini hata kabla ya sheria ilikuwa adabu. Mzee mmoja alinikubalia kupiga na akanikatalia kuuza. Picha yake ipo, haijawahi kuguswa na programu.

Wapo pia wasiotaka sura yoyote ukutani, kwa dini yao. Ami yangu ni mmoja wao. Nilipomsikia akisema asingeiweka ya mamake katika chumba anachosalia, sikubishana. Nilimfanyia kisutu peke yake, kutoka picha ile ile: pindo, mji na maandishi yake, kwa nukta nyekundu na nyeusi juu ya karatasi nyeupe, kila rangi skrini yake. Aliichukua siku hiyo hiyo, na sasa wateja wa namna hiyo ni karibu wengi kama wa nyuso. Usimlazimishe mtu uso wakati anaweza kumkumbuka mama kwa leso.

Kuhusu kuitundika: nyumba zetu za zamani za mawe hutoka jasho, hasa masika na wakati wa kusi. Fremu isigusane na ukuta, weka vijiti vidogo nyuma hewa ipite. Kioo nacho kisigusane na karatasi, weka ukingo wa kadibodi kati yao, la sivyo wino utanata kwenye kioo na siku ukikitoa utatoka na nukta.

Bei ilinisumbua kwa muda. Nilianza kwa kuhesabu karatasi, wino na fundi tu, nikawa nafanya kazi bure. Siku hizi nahesabu pia kikao cha kwanza na familia, kuskani, kuzigawa sehemu kwa mkono na vipande vya majaribio, na naeleza kila kitu mbele. Nusu hutumwa kwa M-Pesa kabla sijaanza, na kazi ya majaribio wanaiona kwanza kwenye simu. Wanaoona ni ghali huniambia kuna programu ya bure inayofanya hivyo kwa sekunde moja. Ipo kweli. Nawaonyesha jicho la nyanya katika picha ya kwanza na katika ya pili, wanaamua wenyewe.

Na jambo la mwisho, ambalo lilinisaidia sana binamu zetu walioko Maskati walipotaka nakala. Nukta zinamwagwa kwa kubahatisha, kwa hiyo ukiiendesha programu tena utapata picha nyingine, si ile ile. Kubahatisha kwa kompyuta huanzia kwenye namba moja iitwayo mbegu, na ukiirudishia mbegu ile ile pamoja na picha na vipimo vile vile, kila nukta itarudi mahali pake. Katika Processing ni mstari mmoja tu, randomSeed, mwanzoni. Nyuma ya kila kazi naandika kwa penseli namba hiyo, idadi ya nukta, mchanganyiko wa chaneli, na jina la aliyeniruhusu.